Auditoire Yetu ya ku Jikoni

Mi nilifika sixième primaire, na hata pale nilifika juu ya vile mwalimu alichoka kuniona. Kisha nikapanda moto, ile pikipiki ya kubeba batu, na mpaka leo niko motard hapa Goma. Lakini kuko miezi fulani nilisoma université. Cheka tu. Mi mwenyewe nilicheka, na kile kicheko ndio kiliniharibia.

Mudogo wangu mwanamuke alipata diplôme d'État, akaingia première ya université, ku économie. Siku ya kwanza nilimupeleka na moto saa mbili ya asubui, nikizani tumewahi. Auditoire, ile salle kubwa ya masomo, ilikuwa imejaa mpaka ku madirisha, micro imekufa, bale ba nyuma banasikia tu kikohozi ya prof. Alirudi na nusu ukurasa. Munafunzi mumoja wa deuxième, muaka wa pili, alimuonea huruma, akamufundisha mambo mbili. Ya kwanza, afikake saa kumi na mbili na kuweka cahier yake ku banc ya mbele. Ya pili, asibloke. Kubloka ni kumeza syllabus muzima bila kutafuna. Afazali atafute mutu asiyejua kitu, amuelezee masomo kila siku. Yule mutu akielewa, basi na yeye ameelewa.

Mutu asiyejua kitu. Alirudi nyumbani akaniangalia mimi.

"Yaya, ni wewe."

Nikamuambia asante kwa heshima.

Basi kila siku saa kumi, mama akiwa bado soko, tulikuwa tunaikala jikoni, maharagi inachemka ku mbabula ya makala. Yeye anaandika na kipande ya ile makala nyuma ya mulango, mi niko juu ya bidon ya mayi, nauliza kama mutoto. Siku ya offre na demande, alisema kitu ikikosa, bei inapanda. Ile nilijua, juu nimebebaka sana maharagi ya kutoka muji ya Kiwanja. Nikamuuliza: barabara ikifungwa, bei ipande, sawa. Lakini juu ya nini hata mama mwenye depot imejaa naye anaacha kuuzisha? Akatafuna bic. Kesho yake akapeleka ile swali kwa assistant wa prof, na assistant akaielezea karibu saa muzima. Ku interro, ile mutihani ndogo, ikatoka ile ile. Akapata dix-sept ku vingt, kumi na saba ku makumi mbili.

Aliniambia pole pole, karibu na sikio, kwamba swali yangu ndio ilimupa points. Ningeweka ile neno ku mufuko nikafunga. Lakini kinywa yangu haina frein ya kuisimamisha.

Asubui yake, ku parking mbele ya campus, niliambia bamotard benzangu kwamba sasa niko prof. Bakakataa. Ndio nikabaonyesha. Nikafunga kitambaa ku kichwa, nikatafuna bic kama mudogo wangu, nikaandika na kidole juu ya réservoir ya moto, nikajikwaa ku Kifaransa vile yeye anajikwaaka akielezea: donc, donc, euh, donc. Banafunzi bakashuka ku moto, bakacheka mpaka machozi. Mumoja akasema nirudilie. Nikarudilia, tena na mikono.

Kugeuka, mudogo wangu huyu nyuma yao, na bote bakamuangalia. Alikuwa ametoka kununua bic. Tangu ile siku, ku promotion yao, darasa muzima, bakamuita Donc-donc.

Saa kumi nikaikala ku bidon yangu. Akapita na syllabus, akaingia chumbani, akafunga. Nikamuambia kupitia mulango kwamba nilikuwa nachekesha tu, anijue vile niko. Akajibu bila kufungua.

"Yaya, nilikuwa najikwaa mbele yako juu nilijua we hauwezi kunicheka."

Nikarudi jikoni kuangalia maharagi.

Muaka ikaisha, akapita na distinction. Tulimumwangia poudre nyeupe ya furaha ku kichwa, mama akacheza mpaka ku barabara. Na mi nikamumwangia yangu. Akanishukuru vizuri sana, vile unashukuru jirani.

Sasa yeye iko deuxième. Muchana kuko binti mumoja wa Butembo anakuyaka kwetu, banasoma jikoni, yeye anaelezea, yule anasikiliza. Jana nilikuwa naosha moto chini ya dirisha. Nikamusikia mudogo wangu anafika mahali, anakwama: donc, donc. Kisha anarudia nyuma. Nilikuwa na swali ya pale pale, nazani ya muzuri.

Nikaendelea kusugua roue ya nyuma. Ilikuwa imekwisha kutakata.