Siku Niliyozungushwa Dodoma

Siku mume wangu anakata roho, mimi nilikuwa Dodoma napigwa picha na zabibu mkononi. Nacheka, meno yote nje.

Picha hiyo bado ninayo. Kuifuta nimeshindwa.

Naitwa Chausiku, mama Zuhra, nauza mitumba hapa Ngokolo, Shinyanga mjini. Mume wangu Abdulshakur alikuwa mchimbaji mdogo kule Geita. Kila asubuhi, kabla hajashuka kwenye duara, shimo la machimbo, kutafuta hiyo dhahabu, lazima anipigie. Hata tukiwa tumenuniana atapiga tu, asikie sauti yangu ndipo ashuke.

Likizo ile nikampeleka Zuhra kwa mjomba wake, mdogo wangu Salmini, fundi umeme Dodoma.

Asubuhi moja natoka kuoga, simu yangu siioni.

"Dada, imegoma kuwaka, nimempa fundi," Salmini akasema. "Vaeni, leo nawatembeza mji mzima."

Nikashangaa. Salmini huyu huyu ambaye ukimwomba akusindikize dukani mgongo unaanza kumuuma?

"Shemeji yako hajanipigia leo. Lete simu yako basi."

"Haina salio, dada. Jioni utampigia."

Tukaanza mzunguko. Bungeni tukapiga picha nje ya uzio. Tukapelekwa chuo kikuu, majengo yametengana utafikiri yamegombana. Tukapelekwa Mtumba kuangalia ofisi za wizara. Sasa ofisi mtu unaangalia nini? Zuhra akataka kuona treni ya umeme, haya, stesheni. Jua linawaka, upepo wa vumbi unatupiga usoni.

Kila nikikaa, wifi yangu Raudha, mke wa Salmini, ananiinua. "Wifi, twende na pale kidogo."

Miguu ikavimba mpaka viatu nikavishika mkononi.

"Salmini, nimechoka. Nirudishe nyumbani nimpigie baba Zuhra."

"Bado kidogo, dada."

Tukasali alasiri msikiti wa Gaddafi. Salmini alitoka wa mwisho kabisa, macho mekundu. Akasema ni vumbi. Nikamtania, mtoto wa Shinyanga leo anashindwa na vumbi? Hakucheka.

Jioni tukaishia Nyerere Square. Raudha akaninunulia zabibu, akanipiga ile picha niliyowaambia.

Usiku huo ndipo Salmini akatamka.

"Kesho tunaondoka wote, dada. Shemeji anaumwa kidogo."

Mtu mzima unaelewa. Kwetu ukiambiwa "anaumwa kidogo" na mtu anayekukwepa macho, anza kutafuta kanga ya kujifunika. Nikakaa sakafuni. Nikamuuliza, yupo hai? Akajibu tutaongea tukifika.

Ndiyo desturi. Mwanamke hapewi msiba ugenini wala njiani. Anapelekwa hadi nyumbani, wazee wamkalishe, wenzake wamshike mikono, ndipo aambiwe. Nimekulia humo na sikuwahi kuona ubaya wake. Njia nzima kwenye basi Zuhra alinilalia mapajani.

Ngokolo nikakuta turubai na viti vimejaa watu. Abdulshakur walishamleta kutoka Geita, ameshavikwa sanda. Wakanifunulia uso nikamuaga, wakaenda kumzika.

Salmini aliniambia siku ile walishuka usiku, duara likatitia alfajiri, kifusi kikamfukia na akafa palepale. Iliniuma hadi kwenye mifupa, ila nilipata pa kushika. Hata ningekuwa na simu, nisingempata.

Siku ya tatu akaja Donatus, mchimbaji mwenzake, Mhaya mmoja mpole. Salmini alikuwa amekaa pembeni yangu.

"Pole sana shemeji," Donatus akasema. "Jamaa alijitahidi kukusubiri."

"Kunisubiri vipi?"

"Si tulimtoa mzima? Kifua tu ndiyo kilibanwa. Hospitali alikuwa anaongea vizuri. Akaniambia, nipigie mama Zuhra nimsikie. Nikapiga simu yako, akapokea kaka yako hapa, akasema upo kwenye basi unakuja. Mgonjwa nilipomwambia, alifurahi sana. Tangu hapo mlango ukifunguliwa anageuza shingo. Aliendelea hivyo mpaka jioni."

Nikamgeukia Salmini. Alikuwa anaangalia mkeka.

"Niliogopa utaanguka, dada. Nilijua atapona, halafu ndiyo nikuambie."

"Nilikuomba simu, Salmini."

"Najua."

"Mchana kutwa nilikuwa nakuomba simu."

Akalia, na mimi nikalia, na Donatus masikini akawa anauliza amekosea nini.

Wengi wananiuliza kama namchukia ndugu yangu. Simchukii. Anakuja, tunakula pamoja, Zuhra anampenda. Lakini akiniambia "dada, pumzika," naondoka kwenda uani.

Nyie mnaosoma hapa, mtu wenu akiumia mpeni mwenzake simu. Msimpimie moyo wake. Akilia mbembelezeni, akizimia mwagieni maji, ataamka na safari ataanza. Desturi ya kuficha bakini nayo kwa aliyekwisha kufa, maana huyo hana anachosubiri.

Abdulshakur alikufa akijua nimekaribia kufika.