Aliyesimama Penye Mita Kumi na Moja

Kama umekuja kucheka, cheka mwanzoni, maana hata mimi nilicheka mpaka nilipofika katikati ya maji. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwa macho haya mawili, na mwenye kubisha aje Ipogolo aulizie kibanda cha fundi redio, karibu na wauza mkaa. Nitamwonyesha mashine yenyewe. Na haikuwa usiku. Watu wakisikia habari za namna hii wanategemea giza na bundi. Yangu ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama juu ya utosi.

Nijitambulishe kidogo. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na miwili, na kwenye fizikia nilipata alama ambayo mwalimu aliitazama mara mbili. Tangu hapo, ukianzia Iringa mpaka Mbeya, hakuna kifaa chenye waya kilichowahi kunishinda. Haya, labda viwili.

Jirani yangu kibandani ni Mama Neema. Anafuma sweta za shule kwa cherehani ya kufumia ya mkono, na nusu ya watoto wa mji huu wanapambana na baridi ya Juni kwa kazi ya vidole vyake. Mumewe alikuwa amenunua kayaki iliyochakaa kwenye kambi moja ya watalii, njia ya Idodi. Kayaki ni boti ya plastiki ya mtu mmoja, nyembamba kama ganda la njegere. Akipata likizo alikuwa anaipakia kwenye gari, anakwenda kuvua bwawa la Mtera. Siku moja boti ikarudi ufukweni peke yake. Wavuvi walitafuta siku tisa pale ilipookotwa. Hawakupata hata kofia.

Miezi miwili ikapita. Wakwe zake wakasema matanga hayaondolewi bila kaburi, na mjane hafanyi kazi matanga yakiwa hayajaondolewa. Cherehani ikafunikwa kitenge. Watoto wanne, ada, chakula, na mama amekaa kwenye mkeka anatazama ukuta.

Basi asubuhi moja akaja kibandani na boksi alilotumiwa na binamu yake kutoka Dar. Ndani kulikuwa na mashine ya kuonea samaki: kioo kama cha simu kubwa, waya mrefu, na sensa yake, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachopiga sauti kwenda chini ya maji na kuisikiliza ikirudi.

"Fundi, ukiifunga hii kwenye ile boti, itaona mpaka chini?"

"Mama Neema, itaona mpaka chini na soksi za samaki."

Hakucheka. "Sitafuti samaki," akasema.

Nikalivuta boksi upande wangu wa meza.

Nikaifunga. Wengine hutoboa boti ili sensa iguse maji, lakini mimi boti ya mtu siitoboi. Sauti inapita kwenye plastiki vizuri tu. Inachoshindwa kupita ni hewa. Kiputo kimoja cha hewa kati ya sensa na plastiki, mashine inakuwa kipofu. Kwa hiyo nilikata kopo la siagi, nikaligandisha kwa gundi ya silikoni sakafuni mwa boti, kwa ndani, nyuma ya kiti. Nikalijaza mafuta ya alizeti, nikaizamisha sensa humo taratibu kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, nikafunika. Waya nikaupitisha mbele hadi kwenye kioo, na betri ya pikipiki nikaiweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Kazi safi. Hata waliotengeneza mashine wangeniomba nikawafundishe.

Tukaenda Mtera juu ya kanta, lori dogo la nyanya kutoka Ilula, mimi, Mama Neema na boti. Joto la kule unalijua? Yai linaiva mfukoni. Wanaume wote ufukweni walikuwa vifua wazi. Mama Neema akabaki chini ya kibanda cha wauza samaki, mimi nikaingia majini kuijaribu kazi yangu. Alinipa jaketi la kuelea nikaliacha mchangani, lilikuwa linanibana kitambi. Na kuogelea sijui. Nimekulia Ilula katikati ya nyanya, ningeogelea wapi?

Nilipiga kasia karibu saa nzima, nikafika upande ule ambao miti iliyozamishwa na bwawa bado imesimama, mikavu, myeupe kama mifupa ya samaki. Nikawasha mashine. Mita sita. Mita nane. Mita kumi na moja na nukta nne, ikaganda hapo. Nikainua macho kufurahi.

Mtu alikuwa amesimama mbele yangu, umbali wa makasia mawili. Maji yalimfika kifuani. Alivaa sweta.

Ndiyo, sweta, kwenye joto lile. Nikasema moyoni, huyu malaria imempanda kichwani.

"Kamwene, mnyalukolo," akanisalimu kwa Kihehe, kama ndugu.

"Kamwene. Habari za huku?"

"Huku baridi."

Nikacheka. Halafu nikatazama kioo: kumi na moja na nukta nne. Nikamtazama yeye: kifuani. Na hapa ndipo usomi wangu uliponiaibisha, maana mtu mwingine angepiga kasia akakimbia, lakini mimi nilichokiona ni mashine mbovu. Nilikasirika. Nikafikiri, mafuta yamevuja, hewa imeingia kwenye kopo, mama wa watu amebeba matumaini yake yote na mimi nimemfungia kipofu.

"Kaka, hapo ulipo maji yanakufika wapi?"

"Si unaona? Kifuani."

"Basi usisogee. Nataka nikutumie kama rula."

"Nimesimama," akasema. "Siendi popote."

Nikabonyeza vitufe. Nikazima, nikawasha. Kumi na moja na nukta nne. Kopo lilikuwa nyuma ya kiti na mkono haufiki, kwa hiyo nikaamua kushuka. Maji ya kifuani yatamfanya nini mwanaume? Nikatoa mguu wa kulia nje, maji yakanifika gotini, boti ikaanza kulala ubavu.

"Usishuke," akasema. Hakupaza sauti.

"Kwa nini? Si ya kifuani?"

"Kwangu mimi. Wewe pima kwanza kwa kamba."

Niamini, sikuwa nimemwambia nina kamba. Nilikuwa nayo chini ya miguu, yenye fundo kila mita na nati ya lori mwishoni, kwa sababu mwalimu wetu wa jioni alikuwa akisema kipimo kikikushangaza, pima tena kwa njia nyingine. Nikarudisha mguu. Nikaisogeza boti, nikaishusha nati pale pale ubavuni mwake, karibu nimguse bega. Fundo la kwanza likapita vidoleni. La tatu. La saba. La nane. La kumi na moja likapita, kamba ikaenda kidogo tena, ndipo ikalegea.

Nikainua uso. Bado amesimama. Kifuani.

"Sasa unaiamini mashine yako?" akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mteja aliyeridhika.

Nikaishikilia kamba, nikaitikia kwa kichwa.

"Mwambie aliyekutuma afunue cherehani," akasema. "Shule zinakaribia kufunguliwa."

Kamba ikavutwa. Mara moja tu, kama samaki anayeonja chambo. Nikaitazama, na nilipoinua macho palikuwa na maji matupu, hata kiwimbi hakuna. Nikajaribu kuipandisha kamba, ikagoma. Nikafunga ncha yake kwenye dumu la lita tano nililobeba la kuchotea maji, nikaliacha lielee, nikapiga kasia. Siwezi kusema nilifika ufukweni kwa muda gani, lakini kama kungekuwa na mashindano siku ile, kombe lingekuwa kibandani kwangu.

Mama Neema akanipokea. Nilitaka nianze na mashine, mdomo ukaanza na sweta.

"Ya rangi gani?" akauliza.

"Bluu. Ila mkono mmoja wa kijani."

"Upi?"

"Wa kushoto."

Akakaa chini, pale pale mchangani. "Sufu ya bluu iliniishia," akasema. "Mume wangu akasema nimalizie na yoyote, samaki hawachagui."

Wavuvi wawili wa kuzamia walikwenda alasiri ile, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na askari, wakafuata dumu langu. Chini yake palikuwa na mti mzima, umefungwa na nyavu kuukuu, na yeye humo ndani, wima. Upepo ndio uliopeleka boti mbali, watu wakatafuta upande mwingine. Mzamiaji mmoja alinivuta pembeni akaniuliza nani aliyefunga kamba. Nikamwambia hakuna aliyefunga, ilinasa. Akasema kunasa anakujua. Ile ilikuwa imezungushwa mara mbili kwenye mkono wa kijani wa sweta, na kupigwa fundo.

Alizikwa kwao, Kilolo, na wakwe wakaondoa matanga. Mama Neema alifunua cherehani Jumatatu iliyofuata, na shule zilipofunguliwa watoto walivaa. Boti akaiuza. Mashine akanipa mimi, na sweta juu yake, ambayo nilihakikisha ina mikono miwili ya rangi moja kabla ya kuivaa.

Mashine iko kibandani. Mafundi wenzangu wameifungua, wameifunga, wamebadilisha betri. Ukiitumbukiza sensa kwenye bwawa, kwenye pipa, hata kwenye karai la kunawia mikono, inasoma kumi na moja na nukta nne. Wanasema ni mbovu. Mimi siwabishii, lakini siitupi na siitengenezi.

Na wewe unayekwenda majini na vyombo vya kisasa, nisikilize mimi niliyekaribia kushuka. Macho yakisema maji ni ya kifuani na mashine ikasema ni mita kumi na moja, usianze kwa kuilaumu mashine. Ukimkuta mtu amesimama pale na sweta kwenye joto la Mtera, itikia salamu yake vizuri, msikilize anakutuma nini. Kisha shusha kamba, na miguu yako yote miwili iache ndani ya boti.