Mkono Wenye Jeli

Nakumbuka siku Gati aliposhuka kwenye gari la kutoka mpakani Sirari hapa Tarime, uso umemsawajika. Mimi nilikuwa kijana, nimerudi likizo kutoka Nairobi na diploma ya maabara niliyoipata kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyeninunulia hata kalamu. Nasema hivyo, mwanangu, ujue anayekushauri hakuokota maneno gulioni.

Gati ni binamu yangu wa Kerende. Alizaliwa akahesabiwa mvulana, lakini ni mwanamke, na daktari wa Nairobi alikuwa amemwanzishia homoni za kike: jeli ya kupaka mkononi kila asubuhi. Jina hakulibadilisha, maana kwetu Wakurya Gati ni jina la kike na la kiume.

"Dada, dawa nimeiacha," alisema kabla hajaketi. "Damu yangu imeharibika. Ona."

Akanipa karatasi ya maabara, nikayasoma majibu. Testosteroni, homoni ya kiume, ilikuwa na alama ya chini; estrojeni, ile ya kike, ilikuwa juu mno.

"Hii ya chini isikutishe. Wamekulinganisha na wanaume, na dawa yako kazi yake ni kuishusha. Lakini hii ya juu... asubuhi ile ulipaka jeli?"

"Niende kwa daktari bila kupaka? Nilioga, nikajipaka mafuta, nikapaka na jeli, asije akadhani naidharau dawa yake."

"Mkono upi?"

Akanyoosha wa kushoto. "Na damu wakatoa huo huo."

"Basi sindano huenda ilipita kwenye jeli."

"Unaongea wewe au diploma?"

"Wote wawili."

Mama yangu, aliyekuwa akichambua maharage, hakucheka. "Gati binti yangu, unaacha dawa bila kumuuliza aliyekupa? Hata daktari wa ng'ombe huulizwa."

Gati akalia. Kuacha dawa kwake kulikuwa kurudi kwenye mwili uliomtesa tangu utotoni, naye alikwisha kukubali mateso hayo kwa kuogopa kufa. Tukampigia daktari. Akamwambia aendelee, kisha arudi kupimwa kabla ya kupaka, ngozi ikiwa safi. Majibu ya pili yakaja yametulia, na dozi ikabaki ile ile.

Kwa hiyo, mwanangu, nawe unayetumia homoni kama Gati, ukienda kupimwa, sema unatumia dawa gani, umeitumia lini, umeipaka wapi. Anayetumia vidonge na anayechoma sindano, kila mmoja ana wakati wake wa kupimwa. Muulize daktari, kisha uushike wakati huo huo kila mara, ili majibu ya leo yalingane na ya kesho. Ng'ombe hapimwi tumbo akitoka kunywa maji. Usijiongezee dozi kwa kutaka mwili ubadilike upesi, wala usiiache kwa kuogopa namba moja. Lakini namba ikibaki juu baada ya kurudiwa, usiibeze, maana estrojeni iliyozidi yaweza kugandisha damu kwenye mishipa. Mwenda pole hajikwai.

Mungu akulinde, mwanangu. Uishi, uzeeke, na mvi zikukute ukiwa mwanamke mwenye amani.