Shuke la Mpunga Mdomoni

Jumapili ya mavuno, katika kanisa letu dogo la Kibiti, kila mtu hupeleka mpunga wake madhabahuni huku kwaya ikiimba. Binti wa jirani yangu, mwenye mtindio wa ubongo, miaka yote alikuwa akiletewa kikapu cha sadaka pale alipoketi. Juzi mzee wa kanisa alipomsogezea, mama yake alikifunika kwa kiganja.

"Mwaka huu anakwenda mwenyewe, mzee."

Binti akasimama kwa magongo ya mti wa mkoko, aliyochongewa na babu yake, Mwislamu wa Salale, ambaye siku hiyo alikuwa anachungulia dirishani. Mikono yote ilikuwa na kazi, basi shuke lake la mpunga akalibana kwa meno. Mzee wa kanisa akataka kumshika.

"Mwache," mama akasema. "Mungu hana haraka."

Kwaya ilimaliza wimbo, ikauanza upya, ikauanza tena. Binti alipoliachia shuke madhabahuni, babu dirishani akasema, "Alhamdulillahi." Kanisa zima likaitikia, "Amina."

Mchungaji alikuwa ameandaa mahubiri marefu juu ya imani. Akatazama saa, akafunga Biblia.

"Mmeshayaona," akasema. "Twendeni tukale."

Nimesikia mahubiri mengi maishani. Haya ndiyo ya kwanza kuyakumbuka yote.