Naomba Kula

Siku binamu yangu aliponiambia kwamba nina Kiswahili safi, nilifurahi hadi nikakosa pa kuweka mikono. Mimi si mtu wa kusifiwa. Darasani mwalimu akiuliza swali na jibu ninalo, huinama kama natafuta kalamu chini ya dawati. Ila kuandika naweza. Kwenye karatasi hakuna anayekukodolea macho.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mwaka wa kampeni. Nilikuwa nimetoka kwetu Matisi, Kitale, kwenda kukaa na nyanya yangu kule Kanduyi, Bungoma. Kwetu nyanya huitwa kukhu. Binamu yangu ana duka la kompyuta na kupiga chapa kando ya barabara, na mwaka huo alikuwa akimfanyia kazi ya mtandaoni kontrakta mmoja aliyetaka kuwa mwakilishi wa wadi.

"Niaje, msomi," aliniambia. "Wewe andika tu. Bando ya intaneti ni juu yangu."

Alinipa simu yenye kurasa nne za Facebook. Moja ilikuwa ya mkulima maskini, nyingine ya mama mboga wa sokoni. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtu. Walikuwa picha na majina tu, na sasa walikuwa mimi.

"Si watu watafikiri ni mama mboga wa ukweli?" nilimuuliza.

"Acha wafikirie. Ati uhuru wa kujieleza ni wa nini? Uko kwa katiba."

"Lakini kontrakta ndiye analipa."

"Analipa bando, halipi maoni. Wacha woga, bana."

Nikaacha woga. Ningependa kuandika kwamba nilidanganywa, lakini sikudanganywa. Niliona raha. Mimi nisiyeweza kuomba chumvi mezani bila kurudia mara mbili, nilikuwa naandika asubuhi na kufikia saa nne watu wazima wanabishana chini ya maneno yangu.

Mpinzani aliyemsumbua kontrakta alikuwa jirani ya kukhu, muuguzi mstaafu, mama wa kanisa. Hakuwa na mabango wala magari ya vipaza sauti. Alijirekodi kwa simu mbele ya zizi lake la ng'ombe, na kila wiki alisoma orodha ya waliomchangia, mmoja baada ya mwingine: huyu kuku, yule debe la mahindi, mwingine mafuta ya pikipiki. Alisema mpiga kura ana haki ya kujua kiongozi wake amelishwa na nani. Wiki moja akamaliza, kwa sauti ile ya kwetu ambamo l na r hubadilishana viti: "Kwa hivyo ndugu zangu, naomba kula yenu."

Kula. Alitaka kusema kura.

Nilikata sekunde hizo nne, nikazirudiarudia, nikaweka picha ya sahani ya ugali. Juu yake mama mboga wangu akaandika: "Ameanza na kuku wa wanyonge, sasa anaomba kula. Tukimpa wadi atatubakishia nini?"

Binamu alicheka hadi akashika meza. "Umemmaliza! Wewe ni moto!"

Jioni hiyo kila kikundi cha WhatsApp nilichokijua kilikuwa na video hiyo. Jumapili, muuguzi alipokuwa akitoka kanisani, vijana wa bodaboda walimwimbia, "Kula! Kula!" Alipunga mkono kana kwamba wanamsalimia. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimebeba Biblia ya kukhu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kuku wa kwanza kwenye ile orodha alikuwa wa kukhu. Sikujua pia kwamba Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mkutano wa muuguzi uwanjani pa kanisa, na kukhu ndiye aliyeombwa asimame amwombee kura. Kukhu husali kwa sauti hadi jirani wa nyumba ya tatu anasema amina. Hajawahi kuogopa watu.

Jumatatu jioni aliniita jikoni. Alikuwa anachambua mboga.

"Mjukuu wangu, hawa watoto wanacheka nini?"

"Wanacheka vile alisema kura."

"Alisema aje?"

"Alisema kula, kukhu."

"Si ndiyo hiyo? Kula."

Nilishika jani la mboga, nikalichambua. Alinitazama, akaweka mboga chini.

"Kumbe hata mimi nasema vibaya," alisema. "Hii miaka yote. Wewe una Kiswahili ya shule. Nifundishe."

Tukakaa hapo. Ku-ra, nikasema. Ku-la, akasema. Nikamwambia autikise ulimi. Akautikisa, mate yakamruka, akacheka, akajaribu tena. Kula. Kula. Kula. Kila alipokosea niliona ile sahani ya ugali. Mwishowe akajifuta mdomo kwa leso.

"Basi. Jumamosi sitasimama. Mwambie mama muuguzi atafute mtu wa mdomo wa siku hizi."

Asubuhi nilikimbia dukani nikafuta ile video, nikamrudishia binamu simu yake.

"Umefuta ya nini? Iko kwa simu ya kila mtu."

"Kukhu amekataa kuongea."

"Kwani tulimziba mdomo? Si ana uhuru kama sisi?"

Nikaondoka dukani. Jibu la swali lake nililipata muhula ulipoanza, Kitale, mwalimu wa Historia na Serikali alipotueleza kwamba sheria ya fedha za kampeni ipo, ila kanuni za kuitekeleza zimekwama, kwa hivyo mtu anaweza kununua sauti elfu na asiseme ni zake. "Aliye na pesa anaongea na midomo mingi," alisema. "Aliye na mdomo mmoja afanye nini?" Akangoja. Niliinama kutafuta kalamu.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Jumamosi ile kukhu alikaa mstari wa nyuma. Muuguzi alipomwita kwa kipaza sauti, alijifunika uso kwa leso, akatikisa kichwa. Watu wakangoja kidogo, kisha akaitwa mwingine.

Siku ya kuondoka nilimwambia. Nilisema yote: simu, bando, mama mboga, sahani. Niliongea nikiangalia begi langu.

"Ilikuwa wewe?"

"Ilikuwa mimi."

Aliinuka, akapunguza moto chini ya sufuria. Sikutukanwa. Afadhali ningetukanwa.

"Basi wewe ndiye mwalimu anayenifaa," alisema. "Wewe unajua kile wanachekelea."

Muuguzi alishindwa. Sijui kama ni kwa sababu ya sekunde zangu nne. Binamu anasema ndiyo, kwa majivuno, na mimi namwombea awe anadanganya.

Kukhu bado anafanya mazoezi. Huwa ananipigia simu Jumapili nikiwa nyumbani, na siku hizi anaongea polepole, akipima kila neno kabla ya kulitoa, yeye aliyekuwa akimwaga maneno kama mahindi kutoka guniani. Amejifunza r vizuri sana. Anaiweka kila mahali.

"Mjukuu wangu," aliniuliza juzi, kwa uangalifu, "umekura?"

Nikasema ndiyo, kukhu, nimekula. Halafu nikasikia nilivyolitamka lile neno, sawasawa kabisa, naye upande wa pili akanyamaza.