Wimbo wa Barasa, Kutoka Kitale Hadi Bungoma

Tulienda Bungoma kwa sababu albamu yetu ya roki ilikuwa imebakisha wimbo mmoja, na studio ya Kitale ilikuwa imetuchoka. Ngoma na magita tulirekodi huko, karibu na Kipsongo, jirani yetu mashine ya kusaga unga. Wimbo wenyewe nilitungia kaka yangu Barasa. Ndiye alinifunza gita, na tulimzika haraka haraka mwaka uliopita. Bila huo wimbo, kwangu hakuna albamu. Ilibaki sauti tu, na hapo ndipo shida. Nilikuwa nimeimba wiki nzima mpaka nikabaki na koo ya jogoo mgonjwa. Shule niliachia darasa la saba, lakini hata mimi najua koo haiongezwi maji kama chai.

Asubuhi, Kitale. Mimi na Simiyu, mpiga ngoma wetu, tulipanda juu ya lori ya mahindi, CD ya hizo ngoma na magita iko ndani ya shati yangu. Kukaribia Webuye mvua ikatupata. Simiyu akatoa koti akafunika CD.

"Na mimi?"

"Wewe ukiloa unakauka."

Saa sita, Bungoma. Studio ilikuwa upande wa Mabanga, chumba kimoja kwa boma ya Wafula. Blanketi kwa dirisha, kompyuta kubwa yenye kisogo. Wafula amezoea kurekodi kwaya. Akatuangalia vile tunadondosha maji.

"Nyinyi ndio roki?"

"Ndio sisi."

"Mnakaa kama wagonjwa, bana. Kwaya inakuja saa kumi. Hiyo koo itaimba mara ngapi?"

"Moja. Labda na nusu."

Nikaimba. Mwisho kuna mahali naita jina la Barasa mpaka pumzi iishe. Nikaita. Sauti ikapasuka, ikaenda kabisa. Kabla gita imalize, tukasikia wamama wanalia huko nje, mlango ukafunguka. Majirani wamejaa, wengine bila viatu, mama mmoja na mwiko wa ugali mkononi. Huko mtu akiita jina hivyo ndani ya nyumba, watu wanajua ni msiba, hawaulizi, wanakimbia kuja.

"Nani ametuacha?" mama wa mwiko akauliza.

Wafula akashika kichwa. "Mama, ni wimbo tu! Mmeharibu, na huyu hana koo ingine!"

Ningecheka, lakini na nini? Nikanong'ona, "Ni ndugu yangu, Barasa. Lakini mama, ni mwaka jana."

"Mwaka jana si ni juzi?" Akaweka mwiko chini. "Mlimlilia vizuri?"

"Tulikuwa watu wanne."

"Wanne!" Akageukia wenzake. Wakaingia wote, wakaketi chini, wakalia polepole. Wafula hakuzima mashine.

Jioni tulirudi Kitale tumechoka kama punda wa maji, Simiyu analala, mimi siwezi hata kumtukana. Kilio chao kiko ndani ya wimbo, hatukufuta kitu. Nilikuwa nafikiri msiba ukishapita siku zake, huwezi tena kuita watu. Kumbe unaweza. Ni vile tu lazima uite kwa nguvu.