Ndege Sita, Halafu Mmoja

Wewe, ushawahi kukaa ukiangalia ndege wakikula mpaka watu wakaita hiyo kazi? Mimi nimefanya, hapa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, na sikulipwa. Kujitolea tu kwa mradi wa kuhesabu ndege, na nilipenda ajabu!

Siku ya kwanza mkubwa wetu, tulimwita Mwalimu wa Ndege, alifunga sahani ya mbegu kwa mti wangu, juu yake kamera. Nikamuuliza, "Hiyo jicho inaona ndege peke yake? Haioni jikoni yangu?" Akacheka. Mimi sikucheka. Nilivuta pazia, ikakaa hivyo wiki mbili.

Ndege wakikuja, kamera inajiwasha, video fupi inaingia kwa simu. Hiyo wanaita klipu. Unaandika kwa karatasi nani ametua, nani amefukuza mwenzake, wako wangapi. Kutua ni mpaka miguu iguse sahani. Kupita tu haihesabiwi. Kulikuwa na shomoro mmoja mkorofi, akifika wote wanasonga, hata njiwa!

Miezi ikapita, nikaitwa ofisini, huko juu ya maduka ya River Road. Bosi wa Video, anayekagua klipu zetu, alikuwa mama wa miwani, hacheki. Aliniita Shosh, yaani nyanya.

"Shosh, karatasi zako hazina saba hata mara moja. Sita iko, nane iko. Unatupikia namba?"

"Mimi? Hata!"

"Basi nazitupa zote."

Miezi yangu yote itupwe! Alikuwa ananiangalia vile mimi nilikuwa naangalia kamera siku ya kwanza. Ikabidi niseme.

"Mama, sisi Wakikuyu wa zamani hiyo namba hatutaji ovyo. Inaleta mkosi. Mama yangu hakuitaja hata akihesabu mbuzi. Wakiwa hivyo naandika sita, halafu mstari wa chini, mmoja. Fungua klipu uone."

Akafungua moja. Akahesabu na kidole. Akafungua ingine, na ingine. Halafu akavua miwani, akapangusa macho, anacheka.

"Kumbe huyu mmoja hakuja peke yake! Shosh, nenda nyumbani. Hakuna kitu inatupwa."

Saa hii macho imechoka, nimestaafu. Simu ameichukua mjukuu wangu Wanjiru. Nami simwamini sana, hawa watoto wa shule hawaogopi namba. Nikamshika mkono. "Na wakiwa wale... unajua wangapi?"

"Cucu, nakuahidi. Nitaandika sita, halafu mmoja."